Kutoka Leseni ya Burudani hadi Leseni ya Rubani Binafsi: Wasomaji wa Moshi na Arusha Wanauliza

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni binti wa miaka 24, mzaliwa wa Moshi. Nilipokuwa nikisoma Australia nilijifunza kurusha ndege siku za mapumziko, nikapata leseni ya rubani wa burudani, na daftari langu lina saa 31. Sikuwahi kuchukua idhini ya kusafiri mbali wala ya kuingia katika anga inayoongozwa na mnara. Sasa nimerudi nyumbani, na shauku yangu kubwa ni kumpandisha mama ndegeni ili aione Kibo, kilele cha Kilimanjaro, kwa karibu. Je, leseni hii inanitosha hapa nyumbani? Kama hainitoshi, saa zangu 31 zimepotea? Na kuna tofauti gani hasa kati yake na leseni ya rubani binafsi, ikiwa kuruka na kutua tayari ninaweza? (Msomaji, Moshi)

JIBU: Marahaba, binti yangu, na karibu nyumbani. Nitakujibu kwa kifupi kwanza ili usikae na wasiwasi: leseni yako haitoshi kukufanya rubani mwenye dhamana ya ndege hapa nchini, saa zako hazijapotea hata moja, na swali lako la tatu ndilo linalostahili nafasi kubwa, kwa sababu wengi wanaokwama katika kupanda ngazi hii hukwama kwa kudhani kwamba kilichobaki ni kutimiza saa tu.

Tuanze na sheria. Mkataba wa Usafiri wa Anga wa Kimataifa, uliotiwa saini Chicago tarehe 7 Desemba 1944 na ambao nchi yetu ni mwanachama wake, una viambatisho vinavyoweka viwango, na Kiambatisho cha Kwanza ndicho kinachohusu leseni za marubani. Leseni ya rubani binafsi imo humo. Leseni ya burudani haimo. Kila nchi iliyoianzisha iliianzisha kwa ajili ya anga yake yenyewe, na ndiyo maana masharti yake hayafanani. Ile ya Australia ilianza tarehe 1 Septemba 2014, nayo humruhusu mwenye leseni kurusha ndege ya injini moja yenye uzito usiozidi kilo 1,500 wakati wa kupaa, mchana tu, na ndani ya maili 25 za baharini kutoka uwanja alikoondokea, isipokuwa awe na idhini ya kusafiri mbali zaidi. Maili 25 za baharini ni kilomita 46. Kutoka Moshi hadi uwanja wa ndege wa Arusha, kwa mstari ulionyooka angani, ni kama kilomita 77. Kwa hiyo hata kama leseni yako ingekubaliwa hapa kama ilivyo, usingeweza kwenda kumwamkia shangazi yako Kisongo.

Ndege iliyosajiliwa Tanzania, ile yenye alama ya 5H ubavuni, huhitaji rubani mwenye leseni iliyotolewa au kukubaliwa rasmi na Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, yaani TCAA. Mkataba wenyewe unazitaka nchi zitambue leseni zilizotolewa kwa viwango visivyo chini ya vile vya kimataifa, na leseni ya burudani haifikii hapo. Kuna jambo jingine ambalo wanafunzi wetu waliosoma nje hawalijui: Ibara ya 32 inaipa kila nchi haki ya kutoitambua, kwa safari za juu ya ardhi yake, leseni ambayo raia wake amepewa na nchi nyingine. Sisemi kwamba utanyimwa. Ninasema kwamba Mtanzania mwenye leseni ya kigeni asiingie katika ndege akiamini kwamba karatasi yake inajitosheleza, bali aende kwanza ofisini akaulize, akiwa na daftari la saa zake, leseni, cheti cha afya na matokeo ya mitihani yake mkononi.

Kuhusu saa: leseni ya burudani ya Australia hudai angalau saa 25, zikiwamo 20 za kuruka pamoja na mwalimu na tano za kuruka peke yako. Leseni ya rubani binafsi, kwa kiwango cha kimataifa, hudai saa 40, au 35 kwa aliyefuata kozi kamili iliyoidhinishwa. Humo ndani ziwemo saa 10 za kuruka peke yako, na katika hizo 10, tano ziwe za safari za masafa, na safari mojawapo ifike maili 150 za baharini, yaani kilomita 270 au zaidi, ukitua na kusimama kabisa katika viwanja viwili tofauti. Saa ulizoruka zikaandikwa na kutiwa saini na mwalimu wako ni zako. Ukitoa 31 katika 40 unapata tisa, nami ninajua kwamba tayari umeshapiga hesabu hiyo ukafurahi. Ninakuomba usiiamini. Hujawahi kusafiri peke yako nje ya eneo la mafunzo. Umekaa bila kuruka. Utabadilisha ndege, nchi, mwinuko na waongoza ndege. Kwa uzoefu wangu wa kufundisha, mwanafunzi wa aina yako akiwa mwaminifu kwa nafsi yake huhitaji saa 20 hadi 25 zaidi, na ni heri upange fedha zako kwa hesabu hiyo tangu mwanzo kuliko kuishiwa njiani ukiwa na saa 40 kamili na mwalimu asiye tayari kukupeleka kwa mtahini.

Umeniuliza pia, ingawa si kwa maneno, kama urudi Australia ukamalize huko. Kama kazi au masomo yatakurudisha, hakuna ubaya. Utakuja na leseni inayotambulika kimataifa, kisha utafuata taratibu za kuibadilisha. Ila angalia cheti cha afya, kwa sababu huko zipo aina nyepesi za vyeti vya afya ambazo hazitumiki nje ya nchi hiyo. Chukua daraja la pili lililo kamili. Hata hivyo, moyo wangu unapendelea umalizie hapa, kwa sababu nitakayoyaeleza sasa.

Tofauti ya kweli kati ya leseni hizi mbili ni kwamba ya kwanza inakufundisha kuiendesha ndege, na ya pili inakufundisha kuondoka nyumbani. Ukiwa ndani ya kilomita 46, uwanja wako karibu unauona, hali ya hewa unayoikuta angani ndiyo uliyoiacha chini, na ukichanganyikiwa unageuka. Ukitoka hapo, kila kitu kinategemea hesabu uliyoifanya mezani. Chukua upepo wa ubavuni wa maili 15 za baharini kwa saa, ambao si upepo wa kutisha, na ndege inayokwenda maili 90 kwa saa. Usipousahihisha, upepo huo utakusogeza pembeni takriban digrii kumi. Kutoka Arusha hadi uwanja wa Ziwa Manyara ni kama maili 49, mwendo wa nusu saa na ushee, na mwisho wa muda huo utakuwa umekosea njia kwa kilomita 15. Juu ya pwani, kilomita 15 ni jambo la kuchungulia dirishani. Juu ya nyika isiyo na alama, huku ukuta wa Bonde la Ufa ukiwa mbele yako, ni jambo jingine kabisa.

Mimi mwenyewe, nikiwa mwanafunzi, nilipangiwa safari ya peke yangu kutoka Arusha kuelekea kusini, kufuata uelekeo wa Babati. Asubuhi ilikuwa safi, nami nikaona barabara ya lami chini yangu nikaishikilia, nikaacha kutazama dira. Pale Makuyuni barabara inagawanyika, moja ikienda Babati na nyingine Mto wa Mbu, nami nikafuata isiyo yangu bila kujua. Nilichokiona baadaye ni ziwa. Ziwa Manyara lilitakiwa liwe mkono wangu wa kulia, na sasa lilikuwa mkono wa kushoto, na mbele palisimama ukuta wa Bonde la Ufa ambao kwenye mpango wangu haukuwapo. Kwa dakika kadhaa nilijaribu kuilazimisha ramani ikubaliane nami. Hilo ndilo kosa lenyewe, wala si lile la barabara: rubani aliyepotea huanza kuamini kwamba dira imeharibika, kwamba ziwa ni jingine, kwamba saa imekimbia. Hatimaye niligeuka, nikarudi hadi alama niliyokuwa na uhakika nayo, nikaanza upya. Mwalimu wangu hakunigombeza. Aliniuliza tu ni dakika ngapi zilipita kati ya kuliona ziwa na kugeuka, na nilipomjibu kwamba zilikuwa saba akaniambia nirudie safari ile hadi jibu liwe moja. Tangu siku hiyo, kila mwanafunzi wangu hujifunza kuandika saa ya kupita kila alama, na alama isipotokea kwa wakati wake hageuzi ramani, hugeuza ndege.

Jambo la pili ni mwinuko na joto. Uwanja wa Arusha uko futi 4,550 juu ya usawa wa bahari. Siku ya joto la nyuzi 28, hewa ya pale huwa nyembamba kiasi kwamba ndege hujiendesha kana kwamba iko zaidi ya futi 7,000. Injini isiyo na kifaa cha kuisukumia hewa hupoteza nguvu, mabawa hutaka mwendo mkubwa zaidi juu ya ardhi kabla ya kuinua ndege, na kupanda kwake huwa kwa uvivu. Kama ulijifunzia karibu na pwani, kama wanavyojifunza wengi huko, mkono wako umezoea ndege inayoruka haraka, na mara ya kwanza utakapoiona njia ya kurukia ikiisha huku magurudumu bado yako chini, mwili wako utakutuma uivute ndege juu kabla ya wakati wake. Usivute. Jifunze kusoma majedwali ya ndege yako kwa mwinuko na joto la siku hiyo, jifunze kupunguza mafuta katika mchanganyiko wake na hewa kadiri unavyopanda, na upime uzito wa abiria, mizigo na mafuta kwa mizani, si kwa macho. Mama akiwa na dada zake wawili na zawadi za kupeleka Tanga, huenda ndege ya viti vinne ikawa ni ya watu wawili.

Tatu, kati ya Moshi na Arusha upo uwanja wa KIA, yaani Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro, wenye mnara na ndege kubwa zinazoingia na kutoka. Huwezi kuufanya kama haupo. Idhini ile ya anga inayoongozwa ambayo hukuichukua kule, hapa ndiyo itakayokuwa mkate wako wa kila siku: kuomba ruhusa, kurudia maagizo neno kwa neno, kushika kimo ulichopewa, na kusema wazi kwamba hukuelewa pale ambapo hukuelewa. Mawasiliano hayo huendeshwa kwa Kiingereza, na kiwango cha chini kinachodaiwa ni cha nne katika mizani ya sita, ambacho hupimwa tena baada ya miaka mitatu. Wewe umesoma Australia, kwa hiyo hilo halitakusumbua. Kitakachokusumbua ni kasi ya mazungumzo, nayo huzoeleka kwa kukaa na redio na kusikiliza kwa siku nyingi kabla hujabonyeza kitufe.

Mtihani wa nadharia nitaupita haraka: sheria za anga, hali ya hewa, uongozaji wa safari, uwezo na mzigo wa ndege, mwili na akili ya rubani. Unasomeka. Safari yako ndefu ya peke yako ndiyo ningependa uipange kwa upendo. Kutoka Moshi hadi Manyara, kisha Arusha, kisha kurudi Moshi, ni takriban maili 180 za baharini, inatimiza sharti la maili 150 na viwanja viwili, na ndani yake mna nyika, ukuta wa Bonde la Ufa, joto la mchana na waongoza ndege. Mwanafunzi akiirudia njia hiyo salama huwa ameona karibu yote ambayo ukanda huu utamdai.

Na Kibo? Kilele kiko mita 5,895, zaidi ya futi 19,300, ilhali ndege ya kawaida ya mafunzo kama Cessna 172 hufika mwisho wa uwezo wake karibu na futi 14,000. Hata Mlima Meru, wenye mita 4,566, unazidi uwezo huo. Hutamrusha mama juu ya mlima. Mtautazama kwa ubavu, mkiwa mbali nao, upande unaotoka upepo, kwa sababu hewa inayovuka mlima na kushuka upande wa pili inaweza kuishusha ndege ndogo kwa kasi kuliko injini inavyoweza kuipandisha. Nenda alfajiri. Unajua wewe mwenyewe, mtoto wa Moshi, kwamba mlima hujifunika mapema, na kufika saa nne asubuhi mara nyingi huna cha kumwonyesha mama isipokuwa wingu, na ndani ya wingu kuna mlima.

SWALI: Ndugu Mwalimu, habari za kazi. Nina umri wa miaka 52, ninaishi Njiro. Nilipata kibali cha rubani wa burudani nikiwa Kanada, kwa cheti cha afya cha daraja la nne, na ninatamani kukamilisha leseni ya rubani binafsi. Ninameza dawa za shinikizo la damu na ninavaa miwani. Je, nipoteze fedha zangu au niache? (Msomaji, Arusha)

JIBU: Nzuri, ndugu yangu. Usiache, lakini anza na daktari kabla ya kumlipa mwalimu shilingi yoyote. Kanada humruhusu rubani wa burudani kuruka kwa cheti cha daraja la nne, na humdai rubani binafsi daraja la tatu, huku saa za kuruka zikipanda kutoka 25 hadi 45. Kwa viwango vya kimataifa unachohitaji ni cheti cha afya cha daraja la pili, kinachotolewa na daktari aliyeidhinishwa kwa kazi hiyo, si na daktari yeyote wa hospitali ya karibu.

Miwani si kizuizi. Kinachotakiwa ni uone mbali kwa kiwango cha 6/12 katika kila jicho, na 6/9 kwa macho yote mawili pamoja, ukiwa na miwani au bila miwani. Ukiihitaji, utaruka ukiwa umeivaa na nyingine ya akiba ikiwa karibu nawe. Masikio hupimwa kwa namna rahisi: unampa mgongo mpimaji akiwa umbali wa mita mbili katika chumba tulivu, naye huzungumza kwa sauti ya kawaida. Shinikizo la damu lililodhibitiwa halikuondoi moja kwa moja, ila aina ya dawa ina uzito mkubwa, kwa kuwa zipo zinazokubalika na zipo zinazoleta kizunguzungu au usingizi. Peleka dawa zako na kumbukumbu za vipimo vya miezi iliyopita. Usifiche dawa hata moja. Ninawafahamu watu wazima wenye heshima zao waliofikiri kwamba kunyamaza ni busara, na jambo hilo linaniumiza, kwa sababu ugonjwa uliofichwa hujitokeza angani, mahali ambapo hakuna pembeni pa kuegesha. Fahamu pia kwamba ukishapita miaka 40, muda wa cheti hupungua kutoka miezi 60 hadi miezi 24, na baada ya 50 unaweza kutakiwa kupimwa mara nyingi zaidi.

SWALI: Mwalimu, kijana wangu anakaribia kumaliza leseni ya rubani binafsi. Anasema akiipata atakuwa akiwapeleka watalii Serengeti mwisho wa wiki ili arudishe fedha tulizotumia. Je, inaruhusiwa? (Mama, Usa River)

JIBU: Hairuhusiwi, mama yangu, na umefanya vyema kuuliza kabla hajaanza. Leseni ya rubani binafsi humpa haki ya kurusha ndege bila malipo, katika safari zisizo za biashara. Kumchukua mtalii kwa fedha, hata akiitwa rafiki na hata fedha ikiitwa ya mafuta, ni kazi ya rubani wa biashara, anayehitaji kuwa na umri usiopungua miaka 18, cheti cha afya cha daraja la kwanza, na saa 200 za kuruka, au 150 katika kozi kamili iliyoidhinishwa. Na bado ndege na kampuni inayoiendesha lazima viwe na vibali vyao. Akifanya kinyume anaweza kupoteza leseni, na ajali ikitokea bima inaweza kukataa kulipa, mkabaki na deni kubwa kuliko lile la ada. Mwambie atumie saa hizo za mwisho wa wiki kujijengea hesabu ya kufikia 200, akiwabeba ninyi wazazi wake, kwa njia ileile ya Manyara na Moshi, na daftari lake litiwe saini kila anaposhuka.